Nani aliliona kabla halijaingia? Kulinganisha idhini ya maingizo ya jarida katika programu za uhasibu

Ingizo lenyewe la jarida, yaani badiliko la hesabu ambalo mhasibu huliandika moja kwa moja bila kupitia ankara, lilikuwa na mistari miwili tu: gharama za umeme, debiti shilingi 4,800,000, na gharama zilizolimbikizwa (zile ambazo bado hazijalipwa), krediti shilingi 4,800,000. Bili tuliyokuwa tukiingojea ilikuwa ya shilingi 480,000. Nilikuwa mhasibu msaidizi katika kampuni moja ya usambazaji bidhaa huko Eneo la Viwanda, Nairobi, na sifuri ile ya ziada niliiandika mimi mwenyewe, saa mbili usiku, siku ya mwisho ya kufunga mwezi. Msimamizi wangu alitumiwa picha ya skrini kwa WhatsApp akiwa ndani ya matatu ya kwenda Rongai, akajibu, "Sawa, endelea." Wakati anajibu, ingizo lilikuwa limekwisha kuingia kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, kwa sababu programu tuliyokuwa nayo haikungoja jibu la mtu yeyote. Debiti ililingana na krediti, urari wa hesabu ukakaa sawa, na kosa likabaki mle hadi wakurugenzi walipouliza kwa nini robo ile ya mwaka ilikuwa imeonyesha hasara.

Tangu wakati huo nimefunga vitabu katika ofisi kadhaa za mji huu, na mara kwa mara naombwa maoni na wenzangu wanaotaka kubadilisha programu. Wengi huanza kwa kuuliza programu ina ngazi ngapi za idhini. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Swali la kwanza ni kama programu yenyewe inalizuia ingizo lisifike kwenye leja kabla ya mtu wa pili kulitazama. Programu nyingine zinazuia kweli. Nyingine zinaandika tu kumbukumbu ya aliyefanya nini, na kumbukumbu hiyo husomwa baada ya madhara kutokea. Ulinganisho huu umejengwa juu ya tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote.

Inafaa kueleza kwa nini maingizo ya jarida yanahitaji ulinzi kuliko ankara. Ankara ya muuzaji ina mwenzake nje ya ofisi: muuzaji anaijua, benki au M-Pesa inaonyesha malipo, na tangu Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliki katika hesabu za kodi ya mapato bila ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Ingizo la jarida halina shahidi wa nje. Uchakavu wa mali, malimbikizo ya mwisho wa mwezi, uhamisho wa gharama kutoka idara moja hadi nyingine, usafishaji wa akaunti ya kusubiria (inayoshika kiasi ambacho bado hakijajulikana kiende wapi): yote haya huandikwa na mtu mmoja aliyeketi mbele ya kompyuta, na ushahidi wake ni ule atakaouambatisha yeye. Ndiyo maana Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi nambari 240 kinawataka wakaguzi wayapime maingizo ya jarida katika kila ukaguzi, kwa kuwa hatari ya wakuu wa kampuni kuzikiuka taratibu zao wenyewe inahesabiwa kuwapo katika kila shirika, liwe kubwa au dogo.

ERPNext na Business Central: programu zinazozuia

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndizo nilizozifanyia kazi kwa muda mrefu zaidi, na kwa sababu zinafika mahali pamoja kwa njia tofauti kabisa.

Katika ERPNext, hati ya uhasibu kama hii ina hali tatu za msingi: rasimu, iliyowasilishwa, na iliyobatilishwa. Ingizo la jarida haligusi leja likiwa rasimu. Linaigusa pale tu linapowasilishwa. Juu ya msingi huo unajenga mtiririko wako mwenyewe, yaani hali unazozitaka, nani anaweza kulihamisha ingizo kutoka hali moja hadi nyingine, na kwa sharti gani. Ninapoiandalia ofisi ya watu wanne au watano, mimi huweka hali nne: Rasimu, Linangoja Idhini, Limeidhinishwa, na Limekataliwa. Mhasibu analituma. Msimamizi anaidhinisha ikiwa jumla ya debiti haizidi shilingi 500,000. Ikizidi, hatua ya kuidhinisha haionekani kwenye skrini yake kabisa, inaonekana kwa mkuu wa fedha peke yake. Sharti lenyewe ni mstari mmoja mfupi, doc.total_debit <= 500000, ambao hata mhasibu asiyejua kuandika programu anaweza kuusoma na kuubadilisha siku wakurugenzi watakapoamua kikomo kingine.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ambayo mtu akiyapuuza, mtiririko wote unabaki kuwa pambo. La kwanza ni kwamba kila hatua ya kuhamisha hati ina kisanduku kinachomruhusu aliyeiunda aiidhinishe mwenyewe, na kisanduku hicho huja kikiwa kimetiwa alama tayari. Nimeona ofisi ikijivunia ngazi mbili za idhini huku mhasibu mwenye wadhifa wa usimamizi akiandika na kuidhinisha kazi yake mwenyewe mwaka mzima, kwa kuwa hakuna aliyefungua mstari ule na kuondoa alama. La pili ni kwamba akaunti kuu ya msimamizi wa mfumo haiguswi na katazo hilo. Kwa hiyo nywila yake isikae kwa mtu yeyote wa idara ya fedha, wala isitumiwe kwa kazi za kila siku. La tatu ndilo gumu kuliona: mfumo unamtazama aliyeunda hati, haumtazami aliyeibadilisha mwisho. Ikiwa mhasibu anaunda ingizo la shilingi 90,000 na msimamizi ana ruhusa ya kulihariri likiwa linangoja idhini, msimamizi anaweza kuligeuza liwe shilingi 490,000 kisha akaliidhinisha, na mfumo utaona watu wawili waliohusika. Dawa yake ipo ndani ya mtiririko huo huo, kwani kila hali inakuuliza ni wadhifa gani pekee unaoruhusiwa kuhariri hati ikiwa hapo. Weka kwamba ingizo linalongoja idhini haliwezi kuhaririwa na yule anayeidhinisha. Akiona kosa, alikatae na kulirudisha kwa mwandishi.

Microsoft Dynamics 365 Business Central inaanza kutoka upande mwingine. Huko maingizo huandikwa ndani ya makundi, na programu inakuja na violezo viwili vilivyo tayari: kimoja kinaidhinisha kundi zima, kingine kinaidhinisha mstari mmoja mmoja. Mtiririko ukiwashwa, kundi linawekewa kizuizi na jaribio lolote la kuliposti, yaani kuliingiza kwenye leja, linakataliwa hadi idhini ipatikane. Kundi pia linatakiwa liwe limelingana debiti na krediti ndipo litumwe kwa mwidhinishaji, jambo ambalo linamwokolea mkuu wa fedha muda wa kurudisha kazi isiyokamilika. Ukichagua mstari mmoja mmoja, unaweza kuweka masharti ya kiasi au ya akaunti, lakini kwa uzoefu wangu mwidhinishaji huchoka haraka: mishahara ya watu sitini ikigawanywa kwa idara inaweza kutoa mistari mia mbili, na hakuna anayesoma mistari mia mbili kwa makini akiiona mmoja mmoja. Kundi zima, likiwa na jedwali la hesabu lililoambatishwa, husomwa vizuri zaidi.

Jambo ambalo Business Central imelifikiria kuliko nyingine zote ni mwidhinishaji asiyekuwapo. Kila mtumiaji anaandikwa pamoja na mwidhinishaji wake na mtu wa kushika nafasi ya mwidhinishaji huyo, na mtiririko unaweza kupangwa uhamishe ombi kwa mshika nafasi baada ya siku 1, siku 2 au siku 5 bila mtu kuligusa. Katika mji ambapo mkuu wa fedha anaweza kuwa Kisumu kwa mazishi au ndani ya ndege kuelekea Dubai wakati VAT inatakiwa kuwasilishwa tarehe 20, kipengele hiki kina thamani kubwa. ERPNext haina uhamisho wa namna hiyo ndani ya mtiririko wake wa kawaida. Huko njia rahisi ni kumpa mtu wa pili wadhifa ule ule wa uidhinishaji tangu mwanzo, ili yeyote kati ya wawili aweze kufungua njia.

Baada ya kuposti, zote mbili zina nidhamu nzuri. Business Central hairuhusu ingizo lililokwisha kuposti lifutwe. Unaandika ingizo la kuligeuza, na yote mawili yanabaki kwenye leja. ERPNext inakuacha ubatilishe ingizo na kulirekebisha, ambapo toleo jipya hupewa nambari ile ile na kiambishi cha -1, na lile la zamani linabaki likionekana limebatilishwa. Tofauti ni ndogo, ila katika ERPNext haki ya kubatilisha ni haki inayogawiwa, na ikigawiwa ovyo inaweza kutumika kuizunguka idhini. Mimi humpa mtu mmoja tu, naye asiwe mwandishi wa maingizo.

Kwa gharama, hizi mbili zimeachana mbali. Business Central inalipiwa kwa kila mtumiaji na kwa kawaida huwekwa na kampuni mshirika wa Microsoft, kwa hiyo kuna ada za kuiweka na za kuihudumia. ERPNext ni programu huria isiyo na ada ya leseni, na ukiiweka kwenye huduma ya Frappe Cloud unalipia uwezo wa seva bila kuhesabiwa vichwa. Hilo lina uzito katika suala la idhini, kwa sababu waidhinishaji ni watu wanaoingia mara mbili tatu kwa mwezi, na nimeona kampuni ikiwanyima wakurugenzi akaunti zao ili kuokoa ada, kisha wakurugenzi hao wakaazima nywila ya mhasibu. Mkurugenzi akishaidhinisha kwa nywila ya mhasibu, mtiririko umekufa.

Odoo na Zoho Books: uzuiaji unaotegemea unachokinunua

Odoo inauzwa sana hapa Nairobi, na watu huvutiwa na wepesi wa skrini zake. Ingizo lake la jarida lina rasimu na lililopostiwa, na kwa hali yake ya kawaida mtu yeyote mwenye haki za mhasibu anaweza kubonyeza kitufe cha kuposti. Ngazi za idhini huongezwa kwa Studio, chombo chake cha kubadilisha skrini na sheria bila kuandika programu, ambayo inapatikana katika toleo la kulipia pekee. Ukitumia toleo la bure, itakubidi umlipe mtaalamu akuandikie nyongeza. Kwa Studio, unachagua kitufe cha kuposti, unakiwekea sheria ya idhini, unaandika nani aidhinishe, na unaweza kudai kwamba mtu aliyeidhinisha hatua ya kwanza asiidhinishe ya pili.

Mnunuzi anapaswa kuelewa jambo moja kabla ya kutia sahihi. Katika Odoo, ankara za wateja, bili za wauzaji na maingizo ya jarida yote huhifadhiwa katika jedwali moja na kutumia kitufe kile kile cha kuposti. Ukiweka sheria ya idhini bila kuiwekea kichujio, ankara zote za mauzo zitasimama zikingoja mkuu wa fedha, na kaunta ya duka lako pale Biashara Street itakwama saa nne asubuhi. Mwambie anayekuwekea mfumo aifunge sheria hiyo kwa maingizo ya jarida peke yake, kisha mketi pamoja na kujaribu kuposti kutoka kwenye orodha, mkichagua maingizo mengi kwa mara moja, mwone kama sheria bado inashika.

Odoo ina kitufe cha pili kinachohitaji kuangaliwa, kile cha kulirudisha ingizo katika rasimu. Ikiwa kipindi hakijafungwa kwa tarehe na jarida halijafungwa kwa muhuri wa usalama, ingizo lililoidhinishwa linaweza kurudishwa rasimu, likahaririwa, likapostiwa upya. Muhuri huo unawashwa kwa kila jarida katika mipangilio yake, na maingizo yakishatiwa muhuri hayarudi tena. Ukichagua Odoo, uwashe siku ya kwanza kwa jarida la maingizo ya jumla, kwa sababu idhini inayoweza kufuatwa na uhariri haina maana.

Zoho Books ni rahisi zaidi kwa ofisi isiyo na mtu wa teknolojia. Idhini ya maingizo ya jarida ni sehemu ya mipangilio yake: unaweza kuchagua idhini ya kawaida, ambapo yeyote mwenye haki ya kuidhinisha anatosha, idhini ya ngazi kadhaa zinazofuatana, au idhini inayofuata masharti unayoyaweka mwenyewe, kwa mfano kwa kiasi. Hakuna mstari wa programu wa kuandika. Kinachotofautisha ni mpango unaoulipia, kwa kuwa vipengele vya idhini havipo katika kila mpango. Basi kabla ya kulinganisha bei, hakikisha unalinganisha mpango wenye kipengele hicho. Napenda pia namna inavyofunga vipindi: unaweza kufunga mauzo, ununuzi, benki na kazi za mhasibu kila kimoja kwa tarehe yake, na anayefunga anatakiwa kuandika sababu. Kwa ofisi ya uhasibu ya watu watatu huko Westlands inayoshika vitabu vya wateja ishirini, ningeichagua hii kabla ya Odoo bila kusita.

Xero, QuickBooks Online na TallyPrime: kumbukumbu bila uzuiaji kamili

Hizi tatu nitazipitia kwa haraka, ingawa ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi.

Xero inaruhusu ingizo la jarida lihifadhiwe kama rasimu, na maingizo hayo yanaandikwa na mtumiaji mwenye wadhifa unaoitwa mshauri (Adviser). Hakuna ngazi za idhini juu yake; mshauri yeyote anaweza kuiposti rasimu yake mwenyewe. Kufuli zake mbili za tarehe ni nzuri, moja ikiwafungia wote isipokuwa washauri, nyingine ikiwafungia wote pamoja na washauri, lakini anayeweza kubadilisha tarehe hizo ni mshauri yule yule anayeandika maingizo. Kwa maneno mengine, anayefungwa ndiye mwenye ufunguo. Kwa upande mwingine, Xero haihesabu watumiaji katika ada yake, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuazima akaunti ya mwenzake.

QuickBooks Online, katika matoleo yake ya kawaida, haina hata rasimu ya ingizo la jarida: ukibonyeza kuhifadhi, limeingia kwenye leja. Kinachokulinda ni kumbukumbu za mabadiliko ambazo haziwezi kuzimwa, tarehe ya kufunga vitabu yenye nywila, na ripoti inayoonyesha mabadiliko yaliyofanywa baada ya kufunga kwa miamala ya kabla ya tarehe hiyo. Nywila hiyo ikae kwa mkurugenzi, asiijue mtu wa idara ya fedha, na ripoti ichapishwe kila mwezi hata kama haina kitu.

TallyPrime ina kitu ambacho watumiaji wengi wa maduka ya jumla na ya vipuri pale Kirinyaga Road hawakitumii. Vocha, yaani hati inayobeba ingizo, inaweza kuwekwa kuwa ya hiari kwa kubonyeza Ctrl+L, na vocha ya hiari haigusi leja hadi alama hiyo iondolewe. Zaidi ya hapo, unaweza kupanga aina ya vocha ya jarida iwe ya hiari tangu inapoandikwa, ili kila ingizo lianze nje ya vitabu na msimamizi aliingize baada ya kulisoma. Huu ni mtiririko wa idhini wa mtu maskini, nao unafanya kazi, kwa sharti kwamba haki za watumiaji zimepangwa ili mwandishi asiweze kuondoa alama hiyo mwenyewe. Pamoja na hilo, chukua toleo la TallyPrime Edit Log, ambalo kumbukumbu zake za mabadiliko haziwezi kuzimwa.

Mambo ambayo hakuna programu inayokufanyia

Kikomo cha kiasi kinakwepwa kwa kugawanya. Ukiweka kwamba kila kinachozidi shilingi 500,000 kiende kwa mkuu wa fedha, ingizo la shilingi 1,200,000 linaweza kuja kama matatu ya shilingi 400,000, yote ya siku moja, yote kwenye akaunti moja. Sharti la kiasi linasoma hati moja moja, nayo hati moja moja ni halali. Njia ninayoitumia ni ripoti ya kila mwezi inayopanga maingizo kwa mwandishi, akaunti na tarehe, isomwe na mtu asiye mwidhinishaji. Kikomo chenyewe kisiwe kizito kupita kiasi: ofisi niliyoijua iliweka kwamba kila ingizo, hata la ada za M-Pesa za shilingi 340, lipite kwa mkuu wa fedha. Baada ya miezi miwili alikuwa akiyaidhinisha yote kwa pamoja kila Ijumaa jioni bila kufungua hata moja. Ni heri maingizo kumi na mawili yanayosomwa kweli kuliko mia tatu yanayopigwa muhuri tu.

Akaunti zina hatari zaidi ya kiasi. Ingizo la shilingi 60,000 linalogusa mkopo wa mkurugenzi, mapato, au akaunti ya kusubiria linastahili macho makali kuliko uchakavu wa shilingi 900,000 unaojirudia kila mwezi kwa hesabu ile ile. ERPNext, Odoo na Business Central zinaweza kupangwa zifuate akaunti. Ni kazi kidogo zaidi wakati wa kuweka mfumo, na ningependa kuona ofisi nyingi zikiifanya. Maingizo yanayojirudia, kama uchakavu na kodi ya pango iliyolipwa mapema, yaidhinishwe mara moja kama kiolezo mwanzoni mwa mwaka, kisha yakaguliwe pale tu kiasi kinapobadilika.

Kiambatisho nacho. Mwidhinishaji anayeona mistari miwili bila hesabu iliyozaa kiasi hicho anaidhinisha imani yake kwa mwandishi. Katika lile ingizo langu la umeme, picha ya bili ya mwezi uliotangulia ingetosha. Mtu yeyote angeona tarakimu sita upande mmoja na saba upande wa pili. Fanya kiambatisho kiwe cha lazima ikiwa programu inaruhusu, na kama hairuhusu, iwe kanuni ya ofisi kwamba ingizo lisilo na kiambatisho linarudishwa bila mjadala.

Kalenda ya Kenya inabana. PAYE na makato mengine mengi ya mishahara yanatakiwa kuwa yamefika ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na VAT tarehe 20. Mtiririko wenye ngazi tatu, kila moja ikikaa siku mbili, umekula siku sita za kazi kabla ya mwezi kufungwa. Kwa ofisi nyingi za mji huu ngazi mbili zinatosha: mmoja anaandika, mmoja anaidhinisha, na wa tatu anaingia pale tu kiasi au akaunti inapomhitaji.

Mwisho kuna suala la kumbukumbu zenyewe kudumu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka hati zihifadhiwe kwa miaka mitano. Ukiacha kulipia programu ya mtandaoni baada ya miaka miwili, salio na ripoti unaweza kuwa umezichapisha, lakini historia ya nani aliidhinisha nini na saa ngapi mara nyingi hubaki kule ulikokuwa unalipia. Uliza kabla ya kununua namna historia hiyo inavyotolewa, na katika muundo gani. Kwa ERPNext na Odoo unazoziweka kwenye seva yako, hifadhidata ni yako. Kwa Tally, data imekaa kwenye kompyuta ya ofisi, jambo linalokupa umiliki na pia kukupa jukumu la kuweka nakala mahali pengine.

Ningechagua ipi

Kampuni ya kati yenye matawi, watu sita au zaidi katika idara ya fedha, na mkuu wa fedha anayesafiri, ichukue Business Central ikiwa bajeti inaruhusu, kwa ajili ya mshika nafasi na makundi. Ikiwa bajeti hairuhusu na kuna mtu mmoja anayeelewa mifumo, ERPNext inafika pale pale kwa fedha kidogo, mradi yale mambo matatu niliyoyataja yamerekebishwa siku ya kwanza. Ofisi ndogo isiyo na mtaalamu iende Zoho Books katika mpango wenye idhini. Odoo ningeichagua pale tu kampuni inapoitumia tayari kwa ghala na mauzo, na imekubali kulipia toleo lenye Studio. Walio kwenye QuickBooks na hawana fedha za kuhama wawatenganishe mwandishi na mwenye ufunguo wa tarehe; kwenye Xero hilo haliwezekani kikamilifu, kwa kuwa mshauri anashika yote mawili. Walio kwenye Tally waanze na vocha za hiari wiki hii, kwa kuwa hilo halina gharama yoyote.

Siku muuzaji atakapokuja kukuonyesha programu, usimwache atumie data yake. Mwombe aingie kama mhasibu wa kawaida, aandike gharama za umeme debiti shilingi 4,800,000 na malimbikizo krediti shilingi 4,800,000, kisha ajaribu kuliposti. Likikataliwa, mwambie aingie kama mwidhinishaji, alipunguze liwe shilingi 480,000 na kuliidhinisha yeye mwenyewe. Likikubali, mwulize afanye nini ili lisikubali. Halafu fungua leja pamoja naye, utafute ingizo hilo, na umwombe akuonyeshe kwenye skrini moja aliyeliandika, aliyelibadilisha, aliyeliidhinisha, na saa ya kila mmoja.